Mikono Iliyokunjwa ya Koti la Nahodha

Filamu yenyewe imeshatoka. Pale sokoni Mbinga ukipeleka flashi unaingiziwa papo hapo, tena ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Mimi sijaitazama. Ninachokijua ni trela yake tu, dakika mbili na kitu, ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko kitu kingine chochote tangu nizaliwe. Mwanamke mzima, mtumishi wa serikali, mwenye meza na mhuri, nimeinamia simu nasimamisha picha kila sekunde ili nihesabu vifungo vya koti la mtu ambaye hayupo duniani wala hajawahi kuwapo. Ukinicheka una haki. Mimi mwenyewe nimewahi kuwacheka watu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mambo ya vyombo vya angani hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mume wangu na binti yetu. Mume wangu alikuwa mtu wa Litembo, fundi wa maji wa wilaya, mpole mpaka anaudhi. Mimi ni mtu wa Singida niliyeletwa Mbinga na barua ya ajira, afisa maendeleo ya jamii, nikajiapiza kwamba baridi hii nitaivumilia miaka miwili kisha niombe uhamisho. Miaka kumi na nane ikapita sijaandika barua hiyo. Mtoto tulijaliwa mmoja tu, na wakati wa habari hizi alikuwa kidato cha tatu.

Jumapili baada ya misa baba na binti walikaa kwenye kochi moja na sahani moja ya karanga, na mimi nilipita na sufuria nikitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Mtafsiri wa filamu hizo ana tabia ya kuwafanya viumbe wa sayari nyingine wagombane kama wauza samaki, na wao wawili walicheka hadi machozi. Hadithi niliijua kwa kupitapita. Kulikuwa na Nahodha, mzee mwenye koti refu la kijivu lenye mstari wa njano begani, na chombo chake, na rubani wake, msichana mdogo mwenye kiburi. Mwisho wa sehemu ya pili chombo kikapasuka, mlango ukahitaji kufungwa kwa nje, Nahodha akavua koti lake, akamwachia rubani alishike, akatoka. Mlango ukafungwa. Yeye hakuonekana tena, na maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini.

Mume wangu aliondoka nyumbani mwezi wa tatu, wakati wa mvua. Kulikuwa na kisima cha kijiji kimoja cha ufukweni kilichogoma, barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo ilibidi watoke Mbamba Bay kwa boti ya injini, watu wanne. Alikuwa na koti zito la kahawia la mtumba alilolivaa kila siku ya Mungu hapa Mbinga. Siku hiyo alilitundika nyuma ya mlango. Kule chini ziwani ni joto, akasema, alibebe la nini. Nilimwambia basi liache, angalau nilifue, maana lilikuwa linanuka grisi. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, kuhusu harufu ya grisi.

Dhoruba iliwakuta katikati ya ziwa. Wawili waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania madumu matupu ya mafuta. Mwenye boti alipatikana siku ya tatu, amekwisha kufa. Mume wangu hakupatikana. Nilikaa ufukweni siku tisa, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja aliyenipa kitanda chake, na kila asubuhi akina mama wa pale walinipa pole na kuniambia kwamba ziwa humrudisha mtu, ama upande huu ama upande wa Malawi, nivute subira. Walipiga simu kwa jamaa zao wa ng'ambo. Wale nao wakaangalia kwao. Siku ya kumi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kunichukua, nikapanda gari kama mzigo.

Paroko alisoma misa ya kumwombea, na katika mahubiri akasema Mungu amlinde popote alipo. Popote alipo. Nadhani alisema hivyo kwa huruma, lakini mimi nilitoka kanisani na maneno hayo nimeyafunga kwenye upindo wa kanga, na kwa muda mrefu ndiyo niliyoyaishi. Mtu wa popote hawezi kuwa hayupo.

Sasa ni lazima nieleze desturi ya ukweni kwangu, kwa sababu bila hiyo upuuzi wote unaofuata hautaeleweka. Kwao mtu akifa nguo zake hazikai kabatini. Baada ya muda ndugu hukutana nyumbani kwa wazee, mjane anazitoa nguo kwa mikono yake mwenyewe, zinawekwa kwenye mkeka, zinagawiwa mpaka soksi. Koti, au nguo yoyote iliyokuwa kubwa kwa marehemu, anavishwa ndugu atakayesimama mahali pake. Anavishwa mbele za watu, na tangu saa hiyo watoto wanamwita baba. Husemwa tu kwamba fulani amevishwa, na neno hilo likishatamkwa hakuna tena wa kuuliza kama mwenye koti ni mzima au amekufa. Mjane asipozitoa nguo, basi hakuna kitu kinachoweza kufanyika. Watakaa, watakunywa chai, watarudi makwao.

Trela ya sehemu ya tatu ilitufikia mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Shuleni kwao simu ni marufuku, kwa hiyo binti yangu alikuwa amejiunga na kundi la mashabiki kwa namba yangu. Kundi hilo lilianzishwa na yule kijana anayeingiza filamu kwenye flashi sokoni, na ndani yake kulikuwa na watu wa huku kwetu, wengi wanafunzi, pamoja na dereva mmoja wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka ambaye alikuwa na bando kubwa na muda mwingi wa kukaa foleni. Wachache walikuwa Dar. Siku hiyo simu yangu ililia ofisini mfululizo nikafikiri kuna msiba.

Kwenye trela Nahodha haonekani hata mara moja. Anaonekana rubani, amesimama mbele ya dirisha la chombo, nyota nyuma yake, amevaa koti la kijivu lenye mstari wa njano begani.

Dereva wa Ngaka alituma ujumbe wa sauti, injini inanguruma nyuma yake: "Jamani, mzee ndiyo basi tena. Binti kavishwa. Hapo hamna cha kujadili, tumwombee tu."

Na watu wetu wote wakakubali. Mmoja baada ya mwingine, kutoka Mbinga, kutoka Mbamba Bay, kutoka Kingerikiti, wakaandika kwamba amevishwa, amevishwa, apumzike kwa amani. Wale wa Dar wakashangaa. Mmoja akauliza kama huku kwetu hata angani tunagawana nguo za marehemu. Alijibiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Binti yangu aliporudi kutoka shule alisoma yote hayo akiwa amesimama, begi bado liko mgongoni. Kisha akaitazama trela mara tatu, akaandika. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyarudia kuyasoma hadi nikayakariri: "Tazameni mikono ya koti. Imekunjwa mara mbili. Mtu aliyevishwa hakunji mikono. Koti likishakuwa lako unampelekea fundi anapunguza. Anayekunja ni mtu anayemtunzia mwenyewe. Rubani anajua Nahodha anarudi."

Kundi likalipuka. Ilikuwa kweli. Ukisimamisha picha pale kwenye sekunde ya arobaini na moja, unaona mikono imekunjwa vizuri, mara mbili, kama mtu anayejiandaa kuosha vyombo. Tangu siku hiyo walimwita Fundi, na kila mwenye hoja yake ilibidi kwanza apite kwake.

Huko ndiko nilikovutwa. Mezani wakati wa chakula cha jioni binti alinieleza hoja za siku hiyo. Kuna kifungo cha tatu ambacho kimeshonwa kwa uzi mweusi wakati vingine vina uzi mweupe. Sehemu ya pili vyote vilikuwa vyeupe, nani amekishona? Rubani hajui kushona, sehemu ya kwanza alishindwa hata kufunga kidonda. Kuna vumbi jekundu kwenye upindo wa koti, na ndani ya chombo hakuna udongo, kwa hiyo koti limekanyaga nchi kavu mahali. Dereva aliapa kwamba vumbi lile ni kama la njia ya Kingerikiti, na akaulizwa kama anga nzima inapitia Kingerikiti. Mimi nilitafuna, nikauliza maswali, nikamwambia arudishe nyuma kidogo nione upindo. Binti alikuwa na uso uliochangamka, na mimi nilijiambia kwamba huyu mtoto amepata mahali pa kuweka uchungu wake, nisimvunje. Nilijiona mama mwenye busara sana. Nilimhurumia, kusema kweli. Nilimwona anajenga nyumba ya hewa, anamsubiri baba yake kwa njia ya kumsubiri mzee wa kwenye filamu, na mimi namshikia misumari.

Mwezi wa saba Mbinga ni baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimelichukua lile koti la kahawia nyuma ya mlango na kulivaa nikiwa nyumbani. Sikulifua. Mume wangu alikuwa na mikono mirefu, mimi mfupi, kwa hiyo niliikunja mikono ya koti mara mbili ili nipate kumenya viazi. Jioni moja niliinua macho nikamkuta binti ananitazama viganja. Nilielewa ni wapi alikokuwa ameokota hoja yake. Nilikunjua mikono. Ikaingia kwenye maji ya viazi. Nikaikunja tena.

Mama mkwe wangu alikuja mara ya kwanza baada ya mavuno ya kahawa kuanza. Mwanamke yule hatoki Litembo bila sababu. Alifika kwa bodaboda, kilemba kimejaa vumbi, na kikapu cha mahindi mabichi alichokikumbatia njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmelala salama? Mjukuu wangu?"

"Yupo shuleni, mama. Tunaendelea."

Alikunywa chai, akazungumzia kahawa, akazungumzia goti lake, akazungumzia mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya mlimani, yaliyobomolewa na mvua. Kisha akaweka kikombe chini. "Mwaka umeshapita, na huu mwingine unakimbia. Nguo zipo ndani. Wewe huna raha, na sisi hatuna raha. Tupange siku."

Kwa kazi yangu mimi nina semina kamili kuhusu haki za wajane. Nimeitoa kwenye vijiji zaidi ya ishirini, nina chati zenye michoro. Nawaambia akina mama kwamba hakuna anayeweza kukulazimisha, kwamba useme unachotaka kwa sauti, ukitazama watu usoni. Nilimtazama mama yule aliyekuja na goti bovu kunibembeleza, si kunilazimisha, na kwenye chati zangu hakukuwa na mchoro wa jambo hilo.

"Ni mtoto, mama," nikasema. "Bado hajakubali. Anaamini baba yake atarudi. Tumpe muda, asije akavurugika na masomo."

"Basi tumsubiri mtoto," akasema, na akaondoka na bodaboda ile ile.

Mara ya pili alimtuma shemeji, mwezi uliofuata. Nikasema yale yale. Mtoto ana mitihani. Mtoto analala na picha ya baba yake. Hilo la picha nililitunga hapo hapo, nikiwa namwekea sukari kwenye chai. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache, mkulima wa kahawa, na amechukua sura yote ya kaka yake kasoro kicheko. Nilipokuwa nikiongea naye nilitazama ukuta. Alisema hamna shida, shemeji, akaniachia ndizi, akaenda.

Siku mbili baada ya hapo nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Nilikuwa ofisini, ripoti ya robo mwaka iko mbele yangu, na simu ikawa inatetemeka. Dereva wa Ngaka alikuwa amerudi na hoja mpya. Alikuwa ameona bango la filamu, na kwenye bango mikono ya koti la rubani haikukunjwa. Imepunguzwa. Inamfika sawasawa kwenye kiganja. Akaandika: "Fundi, pole. Koti limeshapelekwa kwa fundi mwenzako. Mzee kafa, tukubali yaishe."

Nilikuza bango hadi likawa vitone. Ilikuwa kweli, mikono ilikuwa mifupi, ina pindo jipya. Na mimi, kwa vidole vyangu hivi, kwa jina la binti yangu, niliandika: "Hajafa. Nani aliuona mwili wake? Kama hakuna aliyeuona mwili nyamazeni, msiwazike watu wa watu."

Hakuna hata aliyeweka kicheko. Baada ya muda dereva aliandika, safari hii kwa herufi ndogo na bila utani, kwamba anaomba radhi kama amemgusa mtu vibaya. Nilitaka kuufuta ujumbe, na kabla sijapata pa kubonyeza nikaona watu wote wameshausoma. Niliificha simu kwenye droo ya ripoti.

Saa kumi binti alirudi akaiomba simu kama kawaida. Nilimtazama akisoma. Alifika pale, akasimama, akasoma tena. Nilisubiri aniulize. Aliiweka simu mezani, akaenda kuwasha mkaa, na wakati wa chakula akaniambia kwamba bango huwa linapigwa picha siku tofauti na filamu, kwa hiyo mikono ya kwenye bango si ushahidi. Nikasema hata mimi nimewaza hivyo. Nilikula ugali wangu wote, nikaongeza.

Siku ilipangwa bila mimi kukubali wala kukataa. Mama mkwe alipiga simu akasema Jumamosi fulani paroko atasoma misa Litembo, ndugu watakuwepo, kwamba yeye amezeeka na hataki kuondoka duniani akiacha jambo hili limelala. Aliuliza kama mtoto sasa yuko tayari. Nikasema nitaongea naye. Sikuongea naye. Ijumaa jioni nilipakia mashati, suruali, sweta, viatu vya mpira vya kazini, na kaptula aliyokuwa anachezea bao. Kila nguo niliikunja vizuri kama vile inaenda safari. Koti nililiacha nyuma ya mlango, na nikaufunga mlango kwa utulivu, nikamwambia binti tulale mapema.

Misa ilikwisha saa nne. Nyumbani kwa wazee mkeka ulikuwa umetandikwa uwanjani, ndugu wamekaa kwenye viti vya parokia, na kulikuwa na harufu ya kahawa iliyoanikwa. Mama mkwe alikaa chini kabisa, kwenye mkeka wake mdogo, miguu ameinyoosha kwa sababu ya goti. Niliitwa. Nilizitoa nguo moja moja. Walizipokea kwa mikono miwili, polepole, na kila iliyotolewa alitajwa mtu wa kuichukua. Baba mkubwa, mashati. Mtoto wa shangazi, viatu. Nilikuwa naendelea vizuri. Nilishangaa kidogo jinsi ninavyoendelea vizuri. Kisha begi likawa tupu, na shemeji yangu akawa bado amesimama pembeni, amevaa shati jeupe, mikono ikining'inia, anasubiri.

"Na lile koti?" mama mkwe akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Watu wote walinitazama. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu, sitaki, wangeheshimu. Na nilijua kwamba nikisema neno lingine, nimesahau, lingepelekwa gari Mbinga lililete. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni kile nilichokizoea.

"Ni mtoto," nikasema. "Amekataa. Niliona nisimlazimishe."

Sasa wakamtazama yeye. Alikuwa amekaa kati ya shangazi zake, na sketi yake ya kanisani, na sikuweza kumwangalia. Nilisikia kiti kinasogea. Aliingia ndani ya nyumba. Nilifikiri amekwenda kulia, na Mungu anisamehe, nilishukuru, kwa sababu mtoto akilia shughuli ingesimama.

Alitoka na begi lake la shule. Alilifungua kwenye mkeka, akatoa daftari moja, na chini ya daftari akatoa koti la kahawia, limekunjwa.

"Mama alikuwa amelisahau nyuma ya mlango," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nikalibeba."

Hakunitazama. Alimpelekea bibi yake kwa mikono miwili, akapiga goti. Mama mkwe alilishika koti puani kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyemharakisha. Kisha akamwita mwanawe. Walimvisha. Mikono ya koti ilimfika sawasawa, hakukuwa na cha kukunja wala cha kupunguza, mabega yalikaa mahali pake, na kwa kitambo kidogo, akiwa amegeuka upande, nilimwona mtu niliyemsubiri. Kisha akageuka akawa shemeji yangu. Binti yangu alisimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mikahawa, nikakaa chini na nguo zangu nzuri. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia yote, ya siku tisa za ufukweni na ya mwaka na nusu uliofuata, na nilikuwa na hasira, nitasema kweli, nilikuwa na hasira na binti yangu kwa sababu alikuwa ameniacha peke yangu. Tulikuwa wawili tunaomsubiri. Sasa nimebaki mmoja, na mmoja hatoshi.

Alinifuata baada ya muda. Alikaa karibu yangu, akaanza kunitoa majani makavu kwenye kilemba.

"Ulisema mikono ilikunjwa," nikamwambia. Nilisikia jinsi nilivyosikika, mtu mzima nabishana kuhusu filamu kwenye shamba la watu. "Ulisema rubani anajua anarudi. Ulisema kifungo, ulisema vumbi."

"Mama, yule mwigizaji ni mfupi tu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Na baba nilijua tangu walipomleta yule mwenye boti." Alisema bila ukali, kama anavyonisomea majibu ya hesabu. "Ila siku nilizonyamaza kuhusu Nahodha, ulikuwa huli. Siku nikisema nimepata kitu kipya kwenye koti, unakula. Basi nikawa natafuta."

Nilijaribu kuzihesabu siku hizo, jioni hizo zote, mtoto wa kidato cha tatu anatoka shule na kuinamia simu kutafuta uzi, kutafuta vumbi, kutafuta chochote cha kunilisha mama yake, huku msiba wake mwenyewe ameuweka pembeni mpaka nimalize sahani. Nilimwambia anisamehe. Hata hapo sikujua ninaomba msamaha wa nini kwanza, yalikuwa mengi.

Akanishika mkono akanivuta. "Inuka, mama," akasema. "Bibi amepakua. Anakuita ukale."